Kodi Imepungua, Lakini Imepungua kwa Nani?

Dada mmoja ameniandikia: "Wametangaza kodi ya mapato imepunguzwa, mbona mshahara wangu ni uleule?" Dada yangu, umenigusa penye kidonda. Swali kama hilo nililiuliza mimi, nikaambiwa nina kijicho.

Mume wangu alikuwa ameacha kazi ili amuuguze mama yake, na nyumba nzima ikawa inategemea mshahara wangu. Mwenzangu wa kazini na mkewe walikuwa wanafanya kazi wote wawili, na wakijumlisha mishahara yao walikuwa karibu sawa na sisi. Kodi ilipopunguzwa, nafuu yao ilikuwa kama mara mbili ya yetu. Nilipouliza sababu, nikajibiwa mbele ya watu: "Sheria ni moja kwa wote." Neno lile linaniuma hadi leo. Sheria ni moja, ndiyo, lakini kaya hazifanani.

Nikashika kalamu. Tuseme kaya inapata 100, na kila mtu anatozwa asilimia 10 kwenye 50 za mwanzo, kisha asilimia 30 kwenye zinazozidi. Mshahara ukiwa mmoja, kodi ni 20. Wakiwa wawili, kila mmoja na 50 yake, kodi ni 10 tu. Sasa shusha ile asilimia 10 iwe 5. Kaya ya mshahara mmoja inaokoa 2.5, ya mishahara miwili inaokoa 5. Tangu siku hiyo hakuna aliyenirudishia lile jibu, na wenzangu huniletea hati zao za mshahara niwapigie hesabu.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili. Ujerumani, tangu 1958, wanandoa wanaweza kujumlisha mapato na kuyagawa mara mbili kabla ya kodi kupigwa. Ufaransa huhesabu na watoto, tangu 1945. Uingereza iliamua kinyume: tangu 1990 mume na mke kila mmoja hutozwa peke yake. Halafu mwaka 2013 ikaanza kuwakata wazazi wenye kipato cha zaidi ya pauni 50,000 kwa mwaka posho ya watoto, yaani pesa ambazo serikali huwapa wazazi za kulelea watoto. Baba anayelisha familia peke yake kwa 60,000 aliipoteza yote, ilhali mke na mume wenye 49,000 kila mmoja waliendelea kuipokea nzima. Mimi naona huo ni uonevu, hata kama kikomo kilipandishwa mwaka 2024.

Kwa hiyo acheni kushangilia asilimia inayotangazwa. Dada, kama mshahara wako haufiki kiwango cha kuanza kutozwa, huna kodi ya kupunguziwa. Kama kilichoshushwa ni asilimia ya daraja la juu, yaani ile ya mapato makubwa, na wewe uko la chini, hukuguswa. Na anayelea watoto peke yake aulize: nafuu hiyo inarudishwa mkononi hata kwa asiyedaiwa kodi, au inaishia kwenye kodi anayodaiwa? Mwenye kipato kidogo, nafuu ya aina hii ya pili humpita.

Chukua hati ya mshahara ya kabla ya mabadiliko na ya baada yake, uziweke pamoja. Angalia mstari wa kodi peke yake, maana makato mengine yanaweza kupanda mwezi huohuo yakaimeza nafuu yote. Kisha mwombe mhasibu wenu akuandikie hesabu yako hatua kwa hatua. Akikwambia sheria ni moja kwa wote, mwombe tena.