Nywele za dhahabu zikigeuka kijani bwawani: usizipaushe upya kabla ya kutoa shaba

Swali: Mtaalamu, salaam. Miezi minne iliyopita nilipausha nywele zangu zikawa za rangi ya dhahabu hafifu. Naogelea bwawani mara tatu kwa wiki, na tangu mwezi uliopita ncha zake zimegeuka kijani. Nimeziosha kwa shampuu ya zambarau wiki mbili mfululizo bila mafanikio. Fundi wangu anataka kuzipausha upya Jumamosi ili kuiondoa rangi hiyo. Je, nikubali? Je, klorini ndiyo iliyofanya hivi, na nilazimike kuacha kuogelea?

Jibu: Dada, nianze na la Jumamosi kwa kuwa ndilo lenye haraka. Tafadhali ahirisha miadi hiyo. Kwa jinsi ulivyoeleza, rangi iliyo kwenye ncha za nywele zako ni shaba, na shaba ikikutana na dawa ya kupausha, nywele zinaweza kukatika zikiwa bado mikononi mwa fundi. Sababu yake nitaieleza hapa chini, ila kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea, maana njia ya kuitoa rangi hiyo inategemea namna ilivyoingia.

Klorini hulaumiwa na karibu kila mtu, na si ajabu: hata jina lake, ambalo Humphry Davy alilipendekeza mwaka 1810, limetokana na neno la Kigiriki la rangi ya kijani hafifu, kwa sababu gesi yenyewe ina rangi hiyo. Hata hivyo, klorini iliyoyeyuka katika maji ya bwawa haina rangi ya kuweza kupaka kitu chochote. Kinachopaka ni shaba, nayo huingia majini hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni dawa za kuua mwani, ambazo baadhi yake hutengenezwa kwa mrututu, yaani salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu ambayo wakulima pia huitumia kukinga mimea na ukungu. Ya pili ni mabomba na mitambo ya kupasha maji joto yenye koili za shaba, ambazo huliwa kidogo kidogo maji yanapozidi kuwa na asidi. Mabwawa ya maji ya chumvi nayo hayajasalimika, kwa kuwa mtambo wake huigeuza chumvi ile ile kuwa klorini, na shaba huweza kuingia humo kwa njia hizo hizo. Maji yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kuhesabu vigae vya chini na bado yakawa na shaba ya kutosha kugeuza nywele zilizopaushwa.

Kwa nini basi nywele zako ziathirike, na za rafiki yako mwenye nywele nyeusi anayeogelea nawe zisionyeshe chochote? Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na ndani yake mna protini iitwayo keratini ambayo nyuzi zake zimeunganishwa kwa vifungo vya salfa. Dawa ya kupausha huyainua magamba hayo, kisha huvunja sehemu ya vifungo vile, na kila kifungo kinapovunjika kwa kuoksidishwa huacha mahali penye chaji hasi. Shaba iliyoyeyuka ina chaji chanya. Kwa hiyo, kadiri unywele ulivyopaushwa zaidi, ndivyo unavyokuwa na mahali pengi zaidi pa shaba kujishikiza, na hapa ndipo klorini inapokuwa mshiriki wa kweli, kwa sababu nayo huendelea kuvivunja vifungo hivyo kila unapoogelea. Rafiki yako naye huenda amebeba shaba kichwani, lakini weusi wa nywele zake unaificha. Watu wenye mvi hupata tatizo hili kama wewe, na hata wenye nywele za dhahabu za kuzaliwa, ijapokuwa kwao huchukua muda mrefu zaidi.

Kabla ya kufanya lolote, hakikisha kwamba kijani chako ni cha shaba kweli. Chukua fungu dogo la nywele kavu, lilaze juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha wakati wa mchana, kisha litazame kuanzia kwenye mzizi. Nywele zenye shaba huwa za njano safi karibu na kichwa, katikati huanza kufifia kama majani makavu, na kwenye ncha huwa na kijani chenye ubuluu kidogo, mfano wa kutu inayoota kwenye sarafu ya shaba iliyosahaulika mahali penye unyevu. Ncha hutangulia kwa sababu ndizo kongwe na ndizo zilizopigwa zaidi na dawa, jua na maji. Kipo kijani kingine kinachotoka saluni: fundi akipaka rangi yenye msingi wa buluu juu ya nywele ambazo bado ni za njano, au akirudisha nywele zilizopaushwa kwenye kahawia bila kutanguliza rangi yenye wekundu, kijani hutokea siku hiyo hiyo na huenea karibu kote alikopaka. Hicho hurekebishwa kwa rangi yenye wekundu wala hakihusiani na shaba. Chako kilikuja taratibu, kwenye ncha, baada ya wiki nyingi za kuogelea, na ndiyo sababu nazungumza kwa uhakika.

Sasa nirudi kwenye dawa ya kupausha. Dawa hiyo hufanya kazi kwa haidrojeni peroksaidi, ambayo kwa kawaida huvunjika polepole na kutoa oksijeni kwa kiasi kinachoweza kudhibitiwa. Shaba huharakisha uvunjikaji huo kupita kiasi. Joto hupanda ghafla, na viini vikali vinavyozalishwa huishambulia keratini yenyewe badala ya rangi pekee. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilimpausha mwogeleaji bila kumwuliza swali hata moja kuhusu maji anayooga. Baada ya dakika chache, karatasi ya foili niliyokuwa nimeishika ilipata joto hadi vidole vikashtuka, na nilipoifungua dawa ilikuwa imeumuka kama unga wenye hamira. Niliisafisha papo hapo, lakini fungu lile lilikuwa limekwisha kulainika kama ulimbo na likakatika nilipolichana. Tangu siku hiyo, kila mteja anayeogelea hupimwa kwanza: nakata nywele chache mahali pasipoonekana, nazifunga kwa uzi, nazitumbukiza katika chombo cha kioo chenye mililita 20 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 na matone 20 ya amonia, kisha nazitazama kwa dakika 30. Zikitoa povu, zikipata joto au zikibadilika rangi, hazipaushwi siku hiyo. Mwombe fundi wako afanye kipimo hiki akiwa na glavu na dirisha likiwa wazi. Fundi makini hatakasirika kuombwa hivyo.

Kuhusu shampuu ya zambarau, nasikitika kwamba umepoteza wiki mbili. Zambarau imekusudiwa kuzima njano, na haina uwezo wowote juu ya metali. Uliyohitaji ni shampuu yenye kiungo kinachokamata metali, yaani kinachoizunguka shaba, kuing'oa kwenye keratini na kuondoka nayo pamoja na maji. Kinachojulikana zaidi ni EDTA, ambayo kwenye chupa huandikwa ikiwa imetanguliwa na neno linalotaja sodiamu. Vingine ni asidi ya fitiki na glukoneti ya sodiamu. Hapa pana mtego ambao wengi hunaswa nao: shampuu nyingi za kawaida zina EDTA kidogo mno, iliyowekwa ili kuilinda shampuu yenyewe isiharibike, nayo huonekana mwishoni kabisa mwa orodha ya viungo. Hiyo haitakusaidia. Tafuta shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya waogeleaji au kwa maji yenye metali, ambayo kiungo hicho kimetajwa mapema katika orodha. Vilevile usiichanganye na shampuu ya kusafisha mafuta na mabaki ya vipodozi, kwa sababu hiyo huziacha nywele zikiwa safi lakini bado za kijani.

Lowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu, paka shampuu hiyo ukianzia kwenye ncha, ipitishe kwa vidole bila kusugua, vaa kofia ya plastiki na usubiri muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao mara nyingi ni dakika 5 hadi 10. Suuza, kisha rudia. Maliza kwa kondishena nzito, kwa kuwa shampuu za aina hii hukausha nywele. Kijani hafifu huweza kutoka siku hiyo hiyo. Kilichokaa mwezi mzima kama chako kinaweza kuhitaji awamu tatu au nne, na ninashauri upumzishe nywele siku kadhaa kati ya awamu moja na nyingine badala ya kuzimaliza zote kwa siku moja.

Iwapo shampuu hiyo haipatikani upesi, vitamini C ndiyo msaada wa nyumbani ninaouamini. Asidi ya askobiki huigeuza shaba kutoka hali inayoonyesha rangi na kulegeza mshiko wake, na papo hapo huua klorini iliyobaki. Saga vidonge vya kawaida, visivyo na rangi wala sukari, upate kijiko kimoja cha chai cha unga, changanya na shampuu laini kidogo, paka kwenye sehemu za kijani pekee kwa dakika zipatazo 10, kisha suuza vizuri. Usiipake kwenye ngozi yenye michubuko, na linda macho. Ndimu ina asidi pia, lakini usikae nayo juani, kwa maana maji yake yakipigwa na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Sosi ya nyanya, ambayo lazima umeshaambiwa, ina asidi dhaifu na wekundu unaofunika kijani kwa muda. Hainidhuru kuona mtu akiijaribu, ila kwa nywele zako haitoshi. Soda ya kuokea ninaikataa kabisa, kwa sababu huyainua magamba ya unywele ambayo tayari yameinuka.

Kuacha kuogelea si lazima. Unywele mkavu ni kama sponji, na unaweza kunyonya maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Basi uushibishe kwa maji safi kabla haujafika bwawani. Simama chini ya bomba la mvua hadi nywele zote zilowe kabisa, si juu juu tu, kisha pitisha kondishena kidogo au mafuta ya nazi kuanzia katikati hadi kwenye ncha, zifunge na uvae kofia ya kuogelea. Kofia ya silikoni hubana vizuri bila kung'oa nywele kama ile ya mpira, ingawa hakuna kofia inayozuia maji yote, na ndiyo maana ile hatua ya kwanza isirukwe. Ukitoka majini, suuza hapo hapo kabla ya mazungumzo na kabla ya kujikausha, kwa sababu maji yakikauka kichwani, shaba iliyokuwamo hubaki. Kwa ratiba yako ya mara tatu kwa wiki, shampuu ya kukamata metali itumike mara moja kwa wiki, na siku nyingine tumia shampuu laini. Utakapopausha tena, baada ya kipimo kuonyesha usalama, kaa bila kuogelea angalau wiki moja.

Mwisho, nenda kwa mtunza bwawa umwulize mambo mawili: kama dawa yake ya mwani ina shaba, na lini alipima shaba majini mara ya mwisho, maana wengi hupima klorini na pH, yaani kiwango cha asidi ya maji, kila siku bila kugusa kipimo cha shaba. Watunzaji waangalifu huitaka isizidi miligramu 0.3 kwa lita, na huishikilia pH kati ya 7.2 na 7.8 ili maji yasile koili za mitambo. Zipo dawa za mwani zisizo na shaba, na zipo dawa za kuikamata shaba iliyokwisha kuingia majini. Akikuambia hana kipimo, vijiti vya kupimia shaba ni vidogo na unaweza kwenda navyo mwenyewe. Kichovye ndani ya maji, linganisha rangi yake na ile iliyo kwenye kopo, kisha mwonyeshe.