Kiti kile kile: kwa vijana wanaosomea ufundi kwenye majarida

Wiki iliyopita kijana wangu mmoja hapa karakana Keko alinijia anatabasamu, mkononi ana karatasi kama arobaini amezitoa rangi steshenari. Kanunua PDF ya "ramani mpya 200 za fanicha" kwa shilingi 5,000, hela katuma kwa simu. Kachagua kiti cha mezani, na tayari alishaanza kupiga mistari kwenye ubao wa mninga. Wangu. Nikapokea karatasi, nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikaivaa tena.

"Huyu namfahamu," nikamwambia.

"Nani, fundi?"

"Kiti."

Nyuma ya kiti kuna meza ya kazi, na kwenye kona ya picha kuna kitu cha bluu kama sikio. Kijana alidhani ni doa la printa. Ni mkono wa kikombe. Mara ya kwanza niliyoiona picha hiyo kikombe kilikuwa kizima, na nilikuwa na nywele zote kichwani. Nikampokonya penseli, nikamwambia akanunue maji ya kunywa, nami nikaanza kuandika haya. Mwaka huu yeye ni wa tatu, na nimechoka kusema jambo moja kwa mtu mmoja mmoja.

1. Kurudia si dhambi, ila useme kwamba unarudia.

Nayapenda majarida ya useremala. Sikupita chuo cha ufundi cha VETA kama wenzangu wa Chang'ombe. Darasa langu lilikuwa marundo ya majarida ya mitumba kwa wauza vitabu wa Posta, mengine hayana jalada, mengine yana alama ya chai ya mtu wa Ohio. Kwa hiyo asije mtu akasema fundi anayatukana.

Hesabu yao ni rahisi. Kila mwaka wanaingia wasomaji wapya wasiojua kunoa patasi, na wa zamani wanaondoka. Ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao iliyochongwa ikaingia kwenye tundu la ubao mwingine, havijabadilika tangu Misri ya Mafarao, sasa mhariri ataandika nini kipya? Makala ipo kabatini, mwandishi alishalipwa, picha zipo, michoro ipo. Wanaikata hapa, wanaipa kichwa kipya, wanaiweka kwenye toleo maalumu lenye karatasi nzito na bei ya karibu mara mbili. Baadaye inaingia kwenye "bora kuliko zote", halafu kwenye mkusanyiko wa kidijitali. Anayeumia ni yule mwaminifu, anayenunua kila kitu chenye jina lao. Mgeni ananunua mara moja, mwaminifu ananunua kitu kimoja mara nne na kushukuru juu.

Wapo waliorudia kwa heshima. Jarida la Waingereza la The Woodworker lilianza mwaka 1901, na Charles Hayward alilihariri kuanzia 1939 hadi miaka ya 1960. Makala za enzi zake zilipokusanywa na kuchapwa upya kwenye karne hii, zilitolewa wazi kama makala za zamani. Unanunua cha kale ukijua ni cha kale, kama mtumba. Hakuna anayelalamika kwamba suruali ya Kariakoo ilishavaliwa, ila akikuambia ni ya dukani ndipo ugomvi unapoanza.

2. Ujue mzunguko wao.

Wanafuata majira yao, si yetu. Baridi ikiisha kwao, viti vya bustani vinatoka, na kiti cha Adirondack hakikosi. Karibu na Krismasi ni visanduku na vidude vya watoto. Mwaka ukianza ni kupanga karakana, kunoa, na meza ya kazi. Meza ya kazi ndiyo inayonichekesha kuliko vyote. Ile wanayoiita Roubo ilichorwa kwenye kitabu cha André Roubo, seremala wa Paris, karne ya 18, na kila baada ya miaka michache inatangazwa kana kwamba imezaliwa juzi. Meza ni nzuri, sikatai. Ninayo. Nimeilipia ramani yake mara tatu.

3. Nakala tatu si mashahidi watatu.

Hapa vuteni vigoda.

Mwaka 2006 nilinunua Posta jarida moja la Marekani lisilo na jalada. Ndani kulikuwa na kiti hiki, na kikombe kizima. Nikakipenda, nikakiweka akilini. Mwaka 2011 shemeji yangu alirudi kutoka Leicester na toleo maalumu la viti na meza, kiti kile kikawa ndani. Picha ilikuwa imepunguzwa, kikombe kimebaki nusu, na kichwa cha habari ni kingine kabisa. Mwaka uliofuata nikamwomba shemeji huyo huyo anilipie kwa kadi yake mkusanyiko wa kidijitali, na kiti kikaja mara ya tatu. Mimi nikafurahi! Nikajiambia, kitu kinachosifiwa sehemu tatu hakiwezi kuwa kibovu. Sikuangalia jina la mwandishi. Lilikuwa moja kote, herufi ndogo kama chawa.

Mwaka 2013 akaja mama mmoja wa Mbezi Beach. Anataka viti sita vya mninga, vya mezani, visivyofanana na vya barabarani. Wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja baada ya wiki tatu. Nikamtolea picha ya kikombe. Akaipenda. Akatoa nusu ya hela palepale.

Mninga ukaja kwa guta kutoka Buguruni, mkavu, mwekundu, harufu yake ile mnayoijua. Nikafungua orodha ya vipande. Reli ya mbele, kile kipande kinachounga miguu miwili ya mbele, inchi 16. Mchoro nao, inchi 16. Kwenye nakala zote tatu, 16. Sasa fundi mzima ukisoma hapo unatakiwa ujiulize jambo moja: 16 hiyo ni ncha hadi ncha, au ni bega hadi bega? Mchoro ulikuwa unaonyesha bega hadi bega, yaani nafasi iliyo kati ya miguu. Orodha ya vipande ilitakiwa iongeze ulimi wa inchi moja kila upande, iwe 18. Aliyeipanga orodha alinakili tu namba ya kwenye mchoro. Kosa la dakika moja, la mtu aliyekaa ofisini mbali huko, pengine anasubiri kwenda kula.

Nilikuwa na msaidizi mzee, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Hakujua kusoma Kiingereza hata neno. Akashika reli ya kwanza niliyokata, akaiweka mbele ya kiuno chake, akasema, "Mwanangu, hii si fupi?"

Nikamjibu, na jibu hili nitakufa nalo: "Mzee, imeandikwa sehemu tatu."

Akanyamaza. Akarudi kwenye msasa wake.

Nikakata zote kwa mkupuo. Reli nne kila kiti, viti sita, vipande ishirini na vinne. Ile raha ya kuweka kizuizi kwenye mashine na kusukuma tu, tap, tap, tap, kila kipande sawa na mwenzake, nilihisi ni kiwanda. Nikachonga ndimi zote. Nikatoboa matundu yote ya miguu. Siku mbili nzima. Sikuunga hata kiti kimoja kikavu kwanza, maana kiti kilishathibitishwa na majarida matatu, mimi ni nani nikipime?

Siku ya tatu jioni nikaunga cha kwanza. Nikakisimamisha. Kilikuwa kizuri mno, kimenyooka, viungo vimebana bila gundi. Nikakikalia. Miguu ya mbele ikanibana mapaja kama mlango wa daladala ya saa kumi na mbili. Kati ya miguu inchi 14. Nikainuka, nikapima. Nikapima tena kwa futikamba nyingine, maana mtu akichanganyikiwa huilaumu futikamba. Mzee alikuwa ananitazama. Hakusema neno, na ningeshukuru kama angesema.

Nililala karakana usiku ule, sikutaka kumwona mke wangu. Asubuhi ilibidi nimwone, kwa sababu hela ya mninga mwingine ilitoka kwenye kikoba chake. Nilimrudishia kwa miezi mitano, na hadi leo tukibishana jambo lolote, hata la chumvi, huniuliza limeandikwa sehemu ngapi. Viti vya mama nilivimaliza usiku wa kuamkia wageni. Vanishi ilikuwa bado inanuka, nikamwambia afungue madirisha. Wakwe walikaa. Posa ilipokelewa. Mama mpaka leo hajui.

Nililogundua miezi baadaye ndilo lililoniuma zaidi ya hasara. Kwenye rundo jingine la Posta nilikuta toleo la jarida lile lile, la baada ya lile la kwanza. Kwenye kurasa za barua za wasomaji kulikuwa na kisanduku kidogo, ukubwa wa kiberiti: samahani, kwenye kiti cha toleo lililopita, reli ziongezwe urefu wa ndimi. Kumbe walijua. Walisahihisha mara moja, mahali pa kiberiti, halafu waliporudia makala kwenye toleo maalumu wakachukua ile ya mwanzo yenye kosa lake, wakaibadilisha kichwa cha habari. Kikombe walikumbuka kukikata. Inchi mbili walizisahau.

Na sasa imo kwenye PDF ya elfu tano, kikombe kimebaki sikio.

4. Kabla ya kukata, angalia jina la mwandishi na ukurasa wa wachapishaji. Mara nyingi pale chini, kwa herufi za kusoma kwa kurunzi, wanakiri kwamba yaliyomo yaliwahi kuchapwa.

5. Ukikosa tarehe, soma picha. Fundi mwenye masharubu mazito, kaptula fupi na msumeno wa meza usio na kinga, hiyo si ramani ya mwaka huu hata ikiandikwa mpya mara kumi.

6. Vipimo vyao si vyetu. "Mbili kwa nne" ya Marekani ikisharandwa ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu, na ya kwetu inategemea siku ile mwenye mashine aliamkaje. Plaiwudi yao ya robo tatu ya inchi kwenye ramani huhesabiwa milimita 19, ya hapa utapewa 18, na mfereji ukiuchimba kwa 19 rafu itacheza kama jino la mtoto. Mbao zao hukaushwa hadi asilimia 6 au 8 za unyevu, kwa nyumba zenye joto la mashine. Hapa pwani ubao hutulia kwenye kama asilimia 14. Mninga una huruma, haukimbii sana, lakini droo uliyoibana kama ilivyochorwa utaifungua kwa nyundo wakati wa masika. Nina hadithi ya droo pia, ya mteja wa Upanga, lakini mkubwa mmoja wa pale bado ananunua kwangu, basi.

7. Weka daftari. Kila ramani uliyonayo: mwandishi, aina ya viungo, ulikoitoa. Daftari la shilingi elfu moja lingenipunguzia miezi mitano.

8. Chora ukubwa kamili kwenye kipande cha plaiwudi, na kiti cha kwanza kifanye cha paini. Najua mtasema muda hakuna, mteja anapiga simu. Mteja hupiga simu hata ukiwa umemaliza.

Nilipofika hapa kijana alirudi na maji. Akavuta kigoda kilicho karibu na mlango, kile mnachogombania wakati wa kula, akakaa, akaniuliza kama anaweza kudai elfu tano yake. Nikamwambia hiyo imekwenda, inuka upime unachokalia, kati ya miguu.

Akapima. "Kumi na nne."

"Reli ncha hadi ncha?"

Akafikiria kidogo, akahesabu ndimi kwa vidole. "Kumi na sita." Akatazama karatasi yake, akatazama kigoda, akakigeuza juu chini na kupitisha kidole kwenye kiungo. "Lakini fundi, hiki ni mninga. Nani anafanya kigoda cha mninga?"

Vilikuwa sita. Vitano niliviuza kwa mama lishe wa mtaa wa nyuma, kwa bei ya paini.

Leo asubuhi nimemkuta amelaza plaiwudi sakafuni anachora kiti kizima, ndimi na zote. Reli ya mbele ameandika 18, akaizungushia duara mara mbili. Penseli ni yangu tena, sijui kaitoa wapi.