Asiyeona anaweza kufuga simbilisi, tena vizuri tu

Umeuliza kama mtu asiyeona kabisa anaweza kutunza simbilisi wawili peke yake, mimi sioni na ninao wawili, jibu ni ndiyo. Kazi kubwa ni ya mikono na masikio. Kila siku ukiwashika pitisha vidole taratibu toka puani hadi nyuma, pua na macho yasiwe na ute, na chini ya kidevu pawe pakavu, maana ukikuta pameloa mate huenda meno yamerefuka, hayaachi kukua yale. Gusa na nyayo, zisiwe na vidonda. Kila wiki wapime kwa mzani unaosema uzito kwa sauti, wangu mmoja alipungua gramu 60 wiki moja tu nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, kumbe jino. Nyasi kavu ziwepo muda wote, pilipili hoho kila siku kwa sababu miili yao haitengenezi vitamini C. Wakitoka kucheza waweke ndani ya uzio usije ukawakanyaga. Na wale wanaopiga kelele wakisikia mfuko wa mboga, siku wakinyamaza na hawali, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.