Kiwiko kikigongwa, kwa nini kidole kidogo ndicho kinachokufa ganzi?

SWALI: Nikigonga kiwiko, mkono hupigwa kama umeme, kisha ganzi huishia kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Siku hizi ganzi hiyo hunijia hata nikiongea na simu. Kwa nini?

JIBU: Uti wa mgongo hutoa jozi 31 za neva, yaani mishipa ya fahamu. Zinazohudumia mkono hutoka shingoni na juu ya kifua, husukana kuelekea kwapani, kisha hugawanyika tena. Mojawapo ni neva ya alna, inayopita nyuma ya kinundu cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko, ikiwa imefunikwa na ngozi tu, au karibu hivyo. Ukiigonga, ishara huanzia katikati ya njia, lakini ubongo huzisoma kana kwamba zimetoka mwisho wake, yaani vidoleni. Gumba hakihusiki kwa sababu ngozi yake ina neva nyingine.

Simu ni kisa kingine. Kiwiko kikikunjwa sana, neva huvutwa na kubanwa, na damu inayoilisha hupungua. Tumia spika, usiegemee kiwiko mezani, na usiku kizungushie taulo, bila kukaza, kisikunjike.

Ganzi ikikaa wiki kadhaa, vidole vikilegea, au nyama kati ya gumba na kidole cha shahada ikinywea, nenda kwa daktari mapema. Neva iliyokatika ndani huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni miezi mingi, na msuli uliokosa neva haungoji milele.