Usimpe mama unga wa kuongeza kinga kabla daktari hajauona

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama unaweza kumpa mama, mwenye mieloma (saratani ya seli za kinga zilizo ndani ya uboho wa mifupa), unga wa kuongeza kinga, kwa kuwa umesikia protini za kinga huua saratani. Ushauri wangu: usimpe kwanza.

Protini hizo, saitokini, ni ujumbe ambao seli hutumiana, na si zote zinazopigana na saratani. Intaferoni-alfa hupunguza kasi ya seli nyingi za saratani kugawanyika, na iliwahi kutumika kutibu mieloma yenyewe. Intaleukini-6 ni habari nyingine kabisa. Ndani ya uboho wa mifupa, seli za jirani huimwaga kwa wingi. Ikishanasa kwenye kipokezi cha seli ya mieloma, huamsha protini iitwayo STAT3, nayo huingia kwenye kiini na kuwasha jeni zinazoizuia seli hiyo isife. Kwa hiyo kuchochea kinga ovyo kunaweza kuilisha saratani yenyewe. Hata dawa ya deksamethasoni, ambayo wagonjwa wengi wa mieloma hupewa, hutuliza kinga, na sehemu ya kazi yake ni kubana utengenezaji wa intaleukini-6.

Kopo la unga nenda nalo kliniki, daktari asome mwenyewe kilichoandikwa, maana mitishamba mingine huvuruga dawa. Na mama akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.