Keria ya mbele: angalia miguu kabla ya kilo

Wengi wanaoniuliza habari za keria ya mbele huanza na kilo. Inabeba ngapi? Mimi nauza mayai na mikate kwa baiskeli, hapa Dar, Temeke mpaka Kurasini na mara mojamoja Kigamboni, na ninachomuuliza fundi ni kingine: uzito wa mzigo unaishia wapi? Keria ya nyuma ikilegea, mzigo unayumba, unashuka, unakaza, safari inaendelea. Ya mbele ikilegea ikaangukia tairi, gurudumu linakwama hapo hapo na wewe unapitia juu ya usukani.

Ukizunguka Kariakoo utakutana na vikapu vya waya vinavyofungwa kwenye usukani peke yake. Hivyo ni vya mkoba na mboga za nyumbani, basi. Ukikizidishia mzigo kinainama, na kwenye baiskeli za kizamani kama Phoenix, zile zenye breki za vyuma badala ya waya, kinaegemea kile chuma kinachoshuka kutoka usukani kwenda breki ya mbele. Hapo breki ama inabaki imeng'ang'ania ringi, ama haifiki kabisa.

Ninayoitumia mimi ina miguu miwili inayoshuka mpaka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, na juu imeshikwa kwenye usukani. Uzito unatua kwenye ekseli, usukani kazi yake ni kuizuia tu isilale. Iko pia inayofungwa kwenye fremu yenyewe, haigeuki unapokata kona. Kwa mzigo mzito hiyo ni bora zaidi maana usukani unabaki mwepesi, ingawa siku za mwanzo inachanganya macho: umekata kulia, kikapu bado kinatazama mbele. Dukani ni adimu. Utaitengenezesha kwa mafundi chuma, Gerezani kwa mfano.

Na ukienda kutengenezesha, usikubali wakuchomelee keria kwenye uma wa mbele, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu. Fundi atakwambia ndiyo inakuwa imara. Chuma kilichopata moto wa kuchomelea kinadhoofika pembeni ya ule mshono, na uma ndio unaokushika wewe na mzigo kila unapoingia shimo. Sisitiza bolti. Baiskeli yenye shokapu mbele nayo isifungwe keria ya miguu iliyokazwa ekselini na juu kwenye usukani: shokapu ikibonyea, keria haina pa kwenda, inapinda au inang'oa vishikio.

Kwenye kufunga, ekseli ndiyo inayohitaji macho. Mguu wa keria una unene wake, washa, kile kiduara cha chuma cha chini ya nati, nayo ina wake, ukivipanga vyote nati inajikuta imeshika meno mawili matatu ya mwisho. Ukiikaza kwa spana unahisi imeshika, kumbe mitikisiko ya barabara ya vumbi inaifungua taratibu. Nati iingie yote, na ncha ya ekseli ichungulie kwa nje. Kama ni fupi, nunua ekseli ndefu, usipunguze washa. Bolti nyingine za keria ziwekewe nati zenye duara la plastiki ndani, hazilegei ovyo. Panapokutana chuma na usukani zungushia kipande cha tyubu kuukuu. Kati ya keria na tairi, au madigadi kama unayo, vidole viwili vipite. Halafu geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, uone kama waya wa breki unavutwa. Jioni ya siku ya kwanza ya mzigo, kaza tena kila kitu.

Kupakia sasa. Trei tatu za mayai ni kama kilo tano na nusu, na kwangu mbele pametosha hapo. Naweka kipande cha godoro chini, trei zinakaa juu ya ekseli kabisa, hazitokezi mbele yake, kisha nafunga kwa mpira wa tyubu unaopishana kama msalaba. Mikate ni myepesi lakini inajaza nafasi, hiyo inakaa kwenye boksi nyuma. Ukiijaza mbele kwa kimo, siku kusi linavuma utaijua pale juu ya Daraja la Nyerere; upepo unaushika mzigo kama tanga na usukani unakutoka mkononi. Ndoo mbili za lita 20? Kodi guta, ile ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo.

Shida isiyotajwa dukani ni kusimamisha. Stendi ya mguu mmoja imewekwa kwa baiskeli tupu. Ukiwa na mzigo mbele, gurudumu linajigeuza lenyewe na baiskeli inalala, mayai yakiwa ya kwanza kufika chini. Stendi ya miguu miwili inasaidia, lakini bado ninafunga gurudumu la mbele kwenye fremu kwa kamba fupi ya tyubu kabla sijaachia usukani. Inaning'inia hapo muda wote.

Ukishamaliza yote hayo, tazama taa. Keria nyingi zinaiziba, mwanga unaishia kwenye sakafu ya kikapu. Ihamishie kwenye ukingo wa mbele wa keria. Na kama njia zako ni za Feri au Kigamboni, ile chumvi ya hewani inaanza kula mishono ya kuchomelea, kwa hiyo paka rangi hapo kwanza, kwingine baadaye.