Kupe Hamalizwi Juu ya Mbwa Pekee: Daktari wa Mifugo Anawajibu Wasomaji

Mvua za masika zinapokwisha na nyasi zikiwa zimefika magotini, barua zinazohusu kupe huongezeka. Safari hii nimechagua tano ambazo, zikisomwa pamoja, zinaonyesha kwamba kinga hutegemea zaidi kujua kupe anaishi wapi kuliko kujua jina la dawa. Mahali swali linapogusa homa ya binadamu nimejibu upande wa kinga, na matibabu nimeyaacha mikononi mwa daktari atakayemwona mgonjwa.

Daktari, habari za kazi. Tunaishi Tengeru na tuna mbwa wawili wa ulinzi. Kila Jumamosi tunawaogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, kupe wanadondoka, lakini baada ya siku chache wamejaa tena masikioni na katikati ya vidole. Sasa tunawaona wakipanda ukuta wa sebuleni. Je, dawa ni bandia, au kupe wameizoea?

Ndugu zangu, usugu wa kupe dhidi ya dawa upo, na dawa mbovu madukani zipo pia, lakini mnachokieleza kina sababu ya karibu zaidi. Kupe anayepanda ukuta wa sebuleni ni kupe wa kahawia wa mbwa, na tofauti na kupe wengi wanaongoja porini, huyu anaweza kuanza na kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba na banda la mbwa. Anapanda mbwa mara tatu tu: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa tunutu mwenye miguu minane, na akiwa mzima. Kila mara hunyonya damu kwa siku kadhaa, kisha hudondoka na kujificha ili ajivue gamba. Jike akishiba, huvimba na kuwa wa kijivu kama mbegu ya nyonyo, naye hudondoka, hutafuta ufa na kutaga mayai ambayo idadi yake huweza kufika maelfu. Kwa hiyo wakati wowote mnapowatazama mbwa wenu, kupe mnaowaona ni sehemu ndogo. Waliobaki wamo katika nyufa za ukuta, chini ya matandiko ya mbwa, nyuma ya picha iliyotundikwa, katika pindo za mapazia na hata juu ya dari, kwa sababu tabia yao ni kupanda juu. Jumamosi mnawaua walioko kwa mbwa, na Jumanne wenzao wanashuka.

Anzeni na banda. Matandiko ya zamani, hasa magunia, yachomwe moto, na yale mtakayobakiza yafuliwe kwa maji ya moto. Nyufa zizibwe kwa saruji au plasta, kwa kuwa ufa uliozibwa hauhitaji kupuliziwa dawa tena. Nyufa zisizozibika, viungo vya mbao na pembe za sakafu zipuliziwe dawa ya kuua kupe iliyoruhusiwa kutumika majumbani, mbwa na watoto wakiwa nje mpaka ikauke, na kazi hiyo irudiwe kama kibandiko kinavyoelekeza, kwa sababu mayai hayafi kwa urahisi na yatakayoanguliwa baadaye hayakuwapo siku ya kwanza. Nyasi za uani zikatwe ziwe fupi, na takataka zilizorundikwa kando ya ukuta ziondolewe.

Kwa mbwa wenyewe, ningependa muache kutegemea maji ya kuogeshea ng'ombe. Dawa nyingi za josho zina amitrazi, ambayo ikichanganywa kwa kukisia humfanya mbwa alegee, asinzie na mapigo ya moyo yapungue, na watoto wa mbwa ndio huathirika upesi zaidi. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa: matone ya kupaka shingoni, mikanda ya kuvaa, na vidonge ambavyo baadhi hukinga kwa mwezi mmoja na vingine kwa wiki kumi na mbili. Ni ghali kuliko chupa ya josho, hilo silikatai, lakini zikitolewa kwa uzito sahihi kwa mbwa wote siku moja, kila kupe atakayetoka ukutani na kuwapanda hufa kabla ya kutaga. Hivyo mbwa aliyekingwa ndiye anayeisafisha nyumba. Endeleeni kwa miezi mitatu au minne mfululizo hata kama kupe hawaonekani tena, kwa maana kupe mzima mwenye njaa anaweza kungoja ufani kwa miezi mingi. Wengi hukomea mwezi wa kwanza, wanapoona ukuta umekuwa safi, na ndiyo maana tatizo hurudi.

Wakati huo huo watazameni fizi zao. Mbwa aliyepoa, anayekataa chakula, mwenye fizi nyeupe, anayetokwa na damu puani au mwenye mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kupe huwaambukiza mbwa magonjwa ya damu ambayo hutibika yakiwahiwa na huua yakicheleweshwa.

Daktari, tuliwanunulia mbwa wetu dawa ya matone na imebaki. Je, naweza kumpaka paka nusu ya kipimo? Msomaji, Mombasa.

Hapana, wala robo yake. Dawa nyingi za matone za mbwa zina permethrini, na ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka ndani ya saa chache, kisha hupata degedege, na wengi hufa. Amitrazi nayo asipewe. Hata paka anayelala akijiegemeza kwa mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kudhurika, basi watenganishwe mpaka manyoya ya mbwa yakauke kabisa. Ikiwa umekwisha kumpaka, mwogeshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, mfunike apate joto, na mkimbize kwa daktari ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Nunua dawa ambayo kibandiko chake kinasema wazi kwamba ni ya paka, na uzito wa paka anayefaa kupakwa umetajwa.

Shikamoo daktari. Naandika kutoka Longido. Mwanangu wa miaka tisa huchunga mbuzi baada ya shule na karibu kila jioni anarudi na kupe mwilini. Bibi yake humgusa kupe kwa kijiti cha kiberiti chenye moto ili aachie, kisha humponda kwa ukucha. Jirani yetu hupaka mafuta ya taa. Njia ipi ni bora?

Marahaba, mama. Njia zote mbili ziachwe, nawe umweleze bibi kwa heshima, kwa kuwa anachokifanya anakifanya kwa kumpenda mjukuu wake. Kupe anayechomwa au kupakwa mafuta haachii upesi, na akisumbuliwa hivyo huweza kutapika mate yake ndani ya jeraha, na katika mate ndimo vijidudu vilimo. Mtoto naye anaweza kuungua.

Tafuta kibanio chembamba kama kile cha kung'olea nyusi. Kisogeze mpaka kiguse ngozi, umshike kupe pale mdomo wake ulipoingia wala si tumboni, kisha vuta taratibu ukienda juu moja kwa moja, bila kuzungusha na bila kukurupuka. Utaona ngozi inainuka kidogo kabla hajaachia, usiharakishe hapo. Kama kibanio hakipo, zungushia vidole kitambaa safi au karatasi ya nailoni na ufanye vivyo hivyo. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kwa urahisi, usichimbe kwa sindano, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Osha mahali hapo na mikono yako kwa sabuni, kisha upake spiriti.

Kuhusu kumponda kwa ukucha, naomba hili lisikike nyumba nzima. Ipo homa ya kutoka damu iitwayo homa ya Crimea na Kongo, ambayo virusi vyake vilitambuliwa Crimea na, mwaka 1956, huko Kongo, na Uganda imepata wagonjwa mara kadhaa tangu mwaka 2013. Huletwa hasa na kupe wenye miguu ya mistari ya rangi mbili, lakini mtu huweza kuambukizwa pia kwa majimaji ya kupe aliyepondwa, au kwa damu ya mnyama aliyechinjwa, ikipita kwenye mchubuko mdogo wa kidole. Mtumbukize kupe ndani ya spiriti au mtupe kwenye moto wa jiko. Anayechinja na anayechuna avae glavu.

Jambo litakalomsaidia mwanao kuliko dawa yoyote ni kukaguliwa kila jioni kabla ya kuoga, akiwa amevua nguo zote, mahali penye mwanga. Kupe hapendi kuonekana: tazama kichwani kwenye nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti na pale mkanda wa kaptura unapobana. Lava ni wadogo kama nukta ya kalamu, kwa hiyo pitisha na vidole, usitegemee macho peke yake. Vijidudu vingi vya kupe huhitaji muda tangu anapong'ata mpaka vinapoingia mwilini, na kumtoa jioni ile ile ni kuukatiza muda huo. Virusi havisubiri hivyo, na ndiyo sababu mbuzi nao waogeshwe joshoni kwa ratiba, maana huko ndiko kupe wa mtoto wanakotoka.

Sisi ni vijana wa Nairobi tunaopenda kutembea vilima vya Ngong mwisho wa wiki, pamoja na mbwa mmoja. Mwenzetu alirudi salama, lakini baada ya wiki moja alishikwa na homa, kichwa kikamuuma vibaya, na nyuma ya goti alikuwa na kidonda chenye kigaga cheusi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Tujikinge vipi?

Mwenzenu arudi hospitali kama bado hajapona, na amwonyeshe daktari kigaga hicho, kwa sababu kinasema mengi. Kidonda cheusi cha namna hiyo, pamoja na homa na kichwa siku tano hadi kumi baada ya kutembea nyikani, ni dalili inayojulikana ya homa ya kupe inayosababishwa na bakteria wa jamii ya riketsia. Kwa kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini na mgonjwa hupata nafuu upesi. Shida ni kwamba wengi hawamwambii daktari kwamba walipita penye nyasi na ng'ombe, naye hupima malaria, huikosa na kuandika dawa za maumivu.

Kupe haruki wala hapai, na hadondoki kutoka mitini kama wengi wanavyodhani. Wengi wao hupanda kwenye ncha ya jani la nyasi, hunyosha miguu ya mbele na kungoja, wakihisi joto na pumzi ya mnyama anayepita. Wachache hushuka na kumfuata kwa miguu. Ndiyo maana ulinzi huanzia chini. Vaeni suruali ndefu za rangi ya mwanga ili kupe aonekane, na mziingize ndani ya soksi, hata kama mwonekano wake haupendezi. Pitieni katikati ya njia, na mnapopumzika msiketi kwenye nyasi ndefu wala mahali mifugo inapolala. Ngozi iliyo wazi ipakwe dawa ya kufukuza wadudu yenye diti (DEET) ya asilimia 20 hadi 30, baada ya mafuta ya kuzuia jua na si kabla yake. Nguo na viatu vinaweza kupuliziwa permethrini ya asilimia 0.5 iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo, vikauke kabisa kabla ya kuvaliwa, na isipakwe mwilini. Mwenye paka nyumbani akumbuke jibu langu kwa msomaji wa Mombasa.

Mbwa apewe kinga yake siku kadhaa kabla ya safari. Kabla hamjampandisha garini mkagueni ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kati ya vidole na chini ya mkia. Nguo mlizovaa zisitupwe kitandani. Zifuliwe kwa maji ya moto.

Daktari, mimi ni mwalimu, nimehamishiwa kijiji kimoja mkoani Dodoma na nimepanga chumba chenye sakafu ya udongo. Wenyeji wananitahadharisha kuhusu papasi, na mke wangu ni mjamzito. Je, hawa nao ni kupe?

Ndiyo, ni kupe, ila ni wa jamii ya kupe laini, na tabia zao ni nyingine kabisa, kiasi kwamba ukaguzi wa jioni niliousifia hapo juu hautakusaidia. Papasi hujifukia kwenye vumbi la sakafu na nyufa za kuta mchana, hutoka usiku watu wakiwa usingizini, hunyonya kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi mafichoni bila mtu kuhisi maumivu. Anaweza kuishi miaka bila kula, kwa hiyo chumba kilichokaa kitupu si chumba salama. Mwaka 1905 Joseph Everett Dutton, mtafiti aliyekuwa akiichunguza huko Kongo homa inayoletwa na papasi, alifariki kwa homa hiyo hiyo, na bakteria wanaoisababisha wamepewa jina lake.

Wenyeji wako wamekueleza kweli, nawe ulichukulie jambo hili kwa uzito, kwa sababu homa ya papasi kwa mjamzito inaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kufariki mara tu anapozaliwa. Kama uwezo upo, sakafu isakafiwe kwa saruji na kuta zipigwe plasta kabla hamjahamia. Ikiwa haiwezekani mara moja, msilale kabisa chini wala kwenye mkeka. Kitanda kiwe na miguu mirefu, kisogezwe mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote, shuka zisiguse sakafu. Nyufa zizibwe hata kwa udongo mpya, na chumba kipuliziwe dawa na mtu mwenye ujuzi, mama akiwa mahali pengine.

Homa ikimshika, msingoje. Homa ya papasi hupanda sana, hushuka baada ya siku chache mtu akadhani amepona, kisha hurudi. Mpeleke kituo cha afya wakati homa ipo juu, kwa maana ndipo bakteria huonekana kwa urahisi kwenye damu chini ya darubini, na mweleze mhudumu kwamba mnalala katika nyumba yenye papasi. Dawa zake zipo, ila dozi ya kwanza huweza kuleta mtetemeko na homa kali kwa saa chache, basi aipokee akiwa kituoni chini ya uangalizi, asipewe akanywe nyumbani.